Magurudumu ya Gari la Anyelwisye

Usharika wa Suma,
Tukuyu,
13 Juni 1993

Mpendwa shemeji Ackson,

Salamu nyingi zikufikie huko Kitwe, wewe na mama watoto, na hao watoto ambao nawajua kwa majina tu. Ndaga fijo, asante sana, kwa salamu ulizompa yule dereva wa lori wakati wa Pasaka. Alizifikisha, na sabuni pia, ingawa mche mmoja ulifika umekwisha kuoga njiani. Kifua kinaendeleaje? Bado kinabana ukipanda kutoka shimoni mgodini? Usinifiche kama ulivyokuwa ukimficha kaka yako.

Mimi mwili ni mzima, isipokuwa goti la kulia, ambalo halipatani na baridi. Mwezi wa sita wa huku unaujua: ukungu unakaa shambani mpaka mchana, mtu unamsikia akikohoa kabla hujamwona. Chai inachumika na ndizi zipo. Maparachichi yanaoza chini kwa kukosa mlaji.

Shida yangu ni nyumba, imekuwa kubwa mno. Tangu binti yetu Dainess aolewe Songea nimebaki peke yangu, na hata nikipiga chafya hakuna wa kusema kitu. Bado napika chakula cha watu wawili kwa mazoea, asubuhi nakula kiporo nikiwa nimesimama. Sikuandikii unionee huruma, nakueleza tu jinsi ninavyoishi.

Sasa nikupe habari ya gari, maana najua waliokuandikia habari za msiba waliiruka.

Kaka zako walipokaa kugawana vitu vya marehemu Anyelwisye wangu, mashamba yalikwenda vizuri na ng'ombe walikwenda vizuri. Walipofika kwenye Landrova wakakwama. Hosea akasema ni lake kwa kuwa ndiye mkubwa. Nsajigwa akasema ni lake kwa kuwa amelisukuma kuliko mtu yeyote. Lutufyo hakulitaka, ila hakutaka pia hao wawili walipate. Wazee wakakata shauri: gari libaki pale lilipo, na kila ndugu achukue gurudumu moja, asiwepo wa kuliondoa bila wenzake. Nyinyi mko wanne na magurudumu manne, wakaona Mungu amewapangia. Likapandishwa juu ya mawe mchana ule ule, waombolezaji bado wamekaa uani wanatazama. Mimi hakuna aliyenigombania, shemeji. Labda kama ningekuwa na magurudumu.

Lako lilibaki kwangu kwa kuwa hukuwepo. Liko jikoni, kuku anatagia ndani yake. La Hosea limekatwa katikati, ng'ombe wake wananywea maji. Nsajigwa aliuza lake kabla hata matanga hayajaisha. Lutufyo alilipeleka lake kwa fundi viatu, na kila Jumapili anaingia kanisani na makatambuga ya tairi la kaka yake, anakaa mstari wa mbele.

Hayo yote niliyavumilia. Lakini baada ya Pasaka Hosea alinijia na mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Mbeya. Siku hizi biashara ni ruhusa, kila kitu kina mnunuzi. Yule bwana aligonga bodi kwa kidole, akafurahi kwamba si chuma bali aluminiamu, akasema itatoa masufuria mengi. Masufuria! Gari lililompeleka Dainess kubatizwa, na lililomleta baba yake kutoka hospitali akiwa amefunikwa shuka.

Nilimwambia Hosea haliuzwi. Akajibu kwa upole wake ule unaochosha, "Shemeji, gari ni la kutembea. Kikao cha ukoo cha mwezi wa saba kikilikuta bado juu ya mawe, tunaliuza. Kikilikuta linatembea, basi libaki hapa kwako." Nikampeleka kwa mchungaji akarudie maneno hayo hayo. Akayarudia, kwa kuwa alijua mwanamke hawezi kuweka gari kwenye magurudumu.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Huwa naingia ndani ya lile gari mchana, nakaa upande wangu, wa abiria. Kiti cha dereva kimebonyea alipokuwa anakaa yeye. Humo ndani kimya hakinisumbui, kwa sababu hata alipokuwepo tulikuwa tunasafiri kimya. Wakiyeyusha gari hilo sijui nitakwenda kukaa wapi na mume wangu.

Basi nikaweka pamoja fedha za majani ya chai na za ndizi, nikaenda Mbeya na Meshaki, yule fundi wa Kawetele aliyekuwa akilitengeneza gari tangu zamani. Shemeji, ungeona soko la Mwanjelwa! Unakumbuka enzi za kibali, mtu anangoja tairi moja mpaka anazeeka? Sasa yamepangwa mpaka barabarani: mapya, yaliyotumika Uarabuni, yaliyotumika Japani, yenye kipara kilichopakwa rangi nyeusi. Zamani kazi ilikuwa kupata, sasa kazi ni kuchagua, na sina uhakika kama hii ni nyepesi zaidi.

Meshaki aliona rimu za kung'aa akapotea. Zilikuwa na matairi mapana, yale yanayofanya gari lionekane limevimba. Mwenye duka akasema ndiyo mtindo wa sasa. Nikahesabu matundu ya nati, nikakuta sita. Landrova yetu ina tano. Nimeshika nati hizo kwenye kanga mara nyingi sana, nikimngoja marehemu amalize kuziba pancha. Yule bwana akasema hilo si tatizo, atatoboa. Nikamwambia akatoboe masikio yake.

Akaleta rimu za chuma za Landrova, zenye matundu matano, akasema matairi mapana yataingia humo humo. Hapo Meshaki akanigeukia. "Mama, tairi pana linakalia matope, halizami. Na linapendeza. Watu watajua gari limefufuka."

Sasa sikiliza. Anyelwisye alikuwa akiijua barabara ya Suma akiwa nyuma ya usukani. Mimi niliijua nikiwa magotini. Gari likikwama, yeye alibaki ndani akikanyaga mafuta, na mimi ndiye niliyeshuka na panga kukata migomba ya watu na kuilaza chini ya magurudumu. Udongo wetu wa juu ni laini na unateleza kama uji wa kumwagika, lakini chini yake pana mgumu. Tairi jembamba linakata ule uji mpaka linaukuta mgumu, ndipo linashika. Tairi pana linaelea juu, likianza kuteleza kuelekea korongoni halina pa kushikia. Tena ukikata kona yote linasugua springi. Nilimweleza Meshaki hayo yote, akacheka, akasema mambo ya magari hayasomwi kwenye migomba.

Tukarudi bila kununua, tumenuniana. Tulipoteremka njia ya Suma tukakuta pikapu ya mfanyabiashara mmoja imelala ubavu ndani ya mtaro, imevaa matairi mapana yale yale, inang'aa na matope. Vijana walikuwa wanakata migomba. Meshaki alisimama kidogo, akavua kofia. "Twende tena Jumatatu," akasema.

Jumatatu tulinunua membamba, saba hamsini kwa kumi na sita, saizi ile ile ya marehemu. Nilichagua yenye kashata nene, yale meno ya tairi, zilizoachana ili matope yasiweke makao. Nikanunua na tyubu mpya. Rimu ni za chuma tupu, hazing'ai hata kidogo. Nilizipaka rangi mwenyewe.

Siku ya kuyafunga, Hosea alikuja kutazama. Alizunguka gari, akapiga tairi teke, akalizunguka tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata maneno nilikuwa nimeyapanga. Akasema tu, "Umetushinda, shemeji." Akaaga akaenda zake. Ningependa angegombana kidogo, angalau angekaa.

Meshaki akaliwasha. Lilikohoa, likatoa moshi, likaitika. Tuliliteremsha kutoka kwenye mawe, nikavaa kitenge changu cha kanisani na kupanda upande wangu. Tukafika barabarani, Meshaki akashika breki. "Haya mama, tunakwenda wapi?"

Ackson, siku zote hizo nilikuwa nafikiria nati na kashata na kikao, sikufikiria safari. Dada yangu wa Mpuguso tulimzika mwaka juzi. Songea ni mbali, na mkwe wangu hapendi wageni. Marehemu mwenyewe amelala nyuma ya nyumba, huhitaji gari kumfikia. Nilikaa pale, gari linanguruma, nalia kwa sauti kama mtoto, na Meshaki wa watu anajifanya anasikiliza injini.

Mwisho nikamwambia twende Tukuyu nikanunue chumvi. Chumvi ninayo. Tulikwenda, tukarudi, na kilima chote halikuteleza hata mara moja.

Kwa hiyo kikao cha mwezi wa saba hakinitishi tena, gari limebaki. Kilichobaki ni swali la Meshaki, na nimelifikiria mpaka nimepata jibu moja tu. Wewe ndiye mtu wangu pekee aliye kwenye mwisho wa barabara ambayo gari hili linaweza kuifuata. Kila mwaka unaandika kwamba utakuja Mungu akipenda. Safari hii usiandike hivyo. Andika siku. Siku hiyo Meshaki atanifikisha Tunduma, upande wetu wa mpaka, nitakuwa nimekaa ndani ya gari tangu asubuhi, na kama hutavuka nitarudi bila wewe.

Nisalimie mama watoto na watoto wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Dainess aliandika, anakuamkia. Hosea, Nsajigwa na Lutufyo hawajambo, na wangekusalimu kama wangejua naandika. Bwana akufunike kwa mkono wake huko chini ya ardhi, akutoe kila jioni ukiwa mzima.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, ninayengoja tarehe,

Atuganile