Koti ya Tata Kasongo

Siku ya Mardi, kisha mvua

Kumbe hesabu yangu ilikuwa ya muzuri. Wiki yote niliogopa: kila palan, mashini ya kunyanyua vitu, ikishusha muzigo, variateri inayoongoza mbio ya motere inajizima. Chef anasema nilichagula rezistansi ya freni, ile inachoma nguvu ya freni kuwa joto, ya kidogo sana.

Leo nikapanda juu ya palan kuiangalia. Tata Kasongo, sentineli anayelinda mugodi yetu ya Mutoshi, alitandika koti yake ya kulowana juu ya boiti ya rezistansi, akafunika matundu yote ya kutosha joto.

"Tata, joto ya freni itatokea wapi?"

"Mama, boiti hii inakaushaka nguo kuliko jua."

Nilikasirika, kisha nikacheka. Akatosha koti pale juu. Muzigo ikashuka polepole, hakuna kitu kilijizima.

Nimefika ku nyumba, Kapata, nimelowana na mvua mpaka ku soksi. Mu Mutoshi yote, mwenye koti ya kukauka alikuwa yeye peke yake.