Udongo wa Kutoka Langtang

Bruxelles, Koekelberg, Jumapili tarehe 2 Machi 2014

Kwa yaya wangu mpenzi, dada mkubwa Thérèse,

Salamu zikukute mzima hapo Katuba, Lubumbashi, wewe na maman na majirani wote, hata wale wasiotupenda, wagawie kidogo. Mimi huku ni mzima. Mjomba wetu, tonton Kabeya, ni mzima pia, magoti tu ndiyo yanamnunia baridi ikizidi. Natumaini kifua cha maman kimetulia, na umeme unarudi walau siku za mechi. Barua yako ya Januari nilipata. Umeimaliza kama kawaida yako, kwa kuuliza mguu wangu unaendeleaje. Juu ya mguu nitakujibu huko chini. Usiruke kurasa, nakujua.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Kwenye simu mdomo wangu unakimbia mbele yangu, na wewe ukicheka mimi nasahau nilichopigia. Halafu tonton amesema neno hili ni la karatasi. Séraphin, yule anayeuza vitenge katika Galerie ninaponyoa, anapanda ndege Ijumaa, atakutia barua mkononi. Usome peke yako kwanza. Hata Dominic asubiri. Najua ni mchumba wako na ni mwalimu, lakini mwambie paji lake la uso nalikumbuka, ndege inaweza kutua pale na kugeuka. Siku akifika huku nitamtafutia nywele za kubandika, bure.

Kazi inaenda. Mimi ndiye coiffeur, kinyozi wa kwanza wa Galerie d'Ixelles, na sisemi mimi, watu ndio wanasema, mimi nawakumbusha tu. Jumamosi wananisubiri mpaka nje, na jirani mwenye kiti kitupu ananitazama kama mtu aliyeona mwizi wake. Aliyeacha shule mwaka wa nne ni mimi, lakini wenye diploma wanainamisha vichwa mbele yangu. Fikiria hilo, yaya, wewe uliyenichapa juu ya hesabu.

Bon. Wiki jana nilishika chuma cha kunyooshea nywele kwa upande wa moto. Larissa, anayesuka kwenye kiti cha pembeni, ndiye aliyesikia harufu. Mimi nilikuwa naendelea kusimulia mechi. Nimefunga kidole kitambaa, na mpaka leo hakijauma. Niko hivyo tangu Oktoba ile. Chakula nakula, lakini kama kina chumvi au hakina sijui mpaka mtu aseme. Nacheka pale wengine wanapocheka. Sikuambii ili unihurumie, nakuambia juu ya umeuliza habari zangu, na hizi ndizo habari.

Sasa habari kubwa. Ninakwenda Langtang.

Nimeliandika jina. Ni bonde tu, yaya, katika nchi ya Nepal, ndani ya ile milima ya Himalaya, na mto unapita chini yake. Mwaka mmoja na nusu sasa tangu mteremko ule uporomoke na kumchukua kaka Crispin wetu njiani, na mto haujarudisha kitu. Umeniandikia kwamba maman bado analala kwenye mkeka chini. Umeandika wazee wanakataa kuondoa kilio juu ya hakuna kaburi, na kwamba watu wa Dominic wamekuja mara ya tatu na mkawaambia tena nyumba yenye kilio haiozi binti. Kisha ukaandika kwamba hulalamiki. Nilisoma hapo mara mbili. Nilipoingia kazini niliomba likizo ya wiki mbili.

Donc nimepanga kila kitu, na nimepanga vizuri kuliko mzungu yeyote. Tarehe 24 naondoka hapa. Nikifika Kathmandu nahesabu siku saba. Siku ya kwanza ni basi mpaka kijiji kinaitwa Syabrubesi, mchana mzima wa kona na vumbi. Siku ya pili natembea kando ya mto, ndani ya msitu, mpaka kwenye vijumba wanapopaita Lama Hotel, na usifikiri ni hoteli yenye lifti. Siku ya tatu natoka asubuhi, na kabla ya saa sita nafika pale. Watu wa bonde wamepanga mawe mahali penyewe, nimeona picha, upande mmoja mti mwekundu, upande mwingine hakuna kitu. Pale ndipo nitamwita kwa jina mara tatu, jina la ubatizo na jina la babu, nichukue udongo, niufunge katika kitambaa cheupe. Jioni hiyo nalala kijiji cha Langtang chenyewe. Siku moja nimeiacha tupu, mvua ikinyesha. Mbili za kushuka, moja ya basi. Kutoka hapa mpaka Katuba udongo utakuja katika begi la mgongoni, hautaingia chini ya ndege na masanduku ya watu.

Aliyenipangia haya ni Harun, Mtanzania wa Moshi, mteja wangu. Alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka sita kabla ya kumfuata mke wake Mbelgiji. Kila Jumapili ananipandisha na kunishusha ngazi za basilika na gunia la mchele mgongoni, kilo quinze, kumi na tano nzima. Mamans wanaotoka misa walidhani nauza, mmoja akaniuliza kama ni wa Thailand. Harun anacheka Kiswahili changu, anasema kimechimbwa pamoja na shaba. Mimi namwambia chake kimevaa tai. Nilipoanza kujisifu kwamba milima naijua tangu utotoni, juu ya nimepanda lundo lote la takataka za shaba pale Lubumbashi mpaka mlinzi akanifukuza, alisimama akanitazama.

“Mdogo wangu,” akasema, “mlimani mdomo ni mzigo. Uuache airport.”

Nimempenda kwa neno hilo, lakini sikumwambia.

Viatu nimenunua, namba quarante-trois, arobaini na tatu. Vile vya kwanza unajua vilikwenda. Chanjo nimechomwa mbili mkono mmoja, nesi akaniuliza kama inauma. Kitambaa cheupe maman Dafrosa wa kanisani amekishona pembeni kwa mkono. Kila kitu kipo kitandani kwa Crispin, kwa mstari. Napita pale asubuhi nikienda kazini, nahesabu, natoka.

Mambo yalikuwa yameisha hivyo, mpaka Jumapili mbili zilizopita. Tulikuwa tumekula bukari na sombe, tonton akanawa mikono, akaniuliza kama kati yangu na Crispin kuna neno. Nikasema hakuna. Nikaongeza mzaha, nikasema neno lililopo ni jezi yangu aliyoondoka nayo. Hakucheka. Akaniuliza tena, nikasema hakuna. Akajikausha mikono ambayo ilikwisha kukauka. Kisha akanieleza jambo ambalo wewe mkubwa labda unalijua, mimi sikulijua. Kwamba anayekwenda kuchukua udongo wa mtu lazima awe hana kitu tumboni juu ya mtu huyo. Kwamba baba yake alimwona jamaa mmoja wa Kamina aliyebeba udongo wa ndugu yake na uongo pamoja, wakauzika, na kilio hakikwisha katika nyumba ile.

“Udongo unajua mkono,” akasema. “Mkono wenye neno ukiushika, marehemu anakataa njia. Mtakuwa mmezika mchanga.”

Nikamwuliza, halafu mtu mwenye neno anafanya nini. Akasema halisemi kwa tonton, wala kwa padri. Analisema kwa mkubwa wa tumbo lao, na mkubwa ndiye anampa mkono au anamnyima. Mkubwa wa tumbo letu ni wewe, yaya. Tonton akainuka akaenda kulala, na sahani nikaosha mimi.

Alors, kaa chini.

Unakumbuka ile nyumba ya vijana ya Flagey, ambayo kila mwaka inapeleka vijana watatu kutembea wiki moja milimani, tiketi wanalipa wao. Mwaka ule walinichagua mimi. Walinichagua juu ya mdomo. Nilimwambia animateur, msimamizi wao, kwamba nimezaliwa kati ya milima, kwamba volkeno nimezipanda miguu mitupu, mimi mtoto wa Katuba ambaye volkeno nimeona kwenye kalenda. Nikatangaza Matonge nzima, mtaa wetu Waafrika wa huku. Nikakupigia na wewe, unakumbuka ulivyopiga vigelegele mpaka maman akadhani nimeoa. Viatu walininunulia wao, quarante-trois. Nilivivaa kazini siku nne ili watu waulize.

Kisha wakatuonyesha filamu ya njia. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba kama mkono wangu, na chini ni mto, na mto hausikiki juu ya uko mbali. Wenzangu walikuwa wanapiga makofi. Mimi nilitoka nikaenda chooni, nikakaa. Yaya, niliogopa. Ndege niliogopa, njia niliogopa, na zaidi ya vyote niliogopa kusema kwamba naogopa, baada ya yote niliyoyatangaza.

Siku sita kabla ya safari tulicheza mpira nyuma ya basilika. Nilianguka, kama watu wote wanavyoanguka. Nilipokuwa chini nikasikia kwamba ni rahisi kubaki chini. Nikashika kifundo cha mguu wa kulia. Crispin ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka nyumbani, ngazi zote, ghorofa ya tatu, huku ananitukana kwamba nina mifupa ya zege. Akanifunga bandeji mwenyewe, unajua alivyofunga vizuri, alijifunza kule alikofanya kazi, kwa wazee.

Nyumba ya vijana wakasema nafasi itapotea. Crispin akasema haiwezi kupotea, tonton alikwisha kuwaambia watu wa kanisa, mdogo wake ataonekana mwongo. Alisema hivyo, yaya, mdogo wangu ataonekana mwongo. Akaomba likizo, akaenda mahali pangu. Hakupenda milima. Alipenda kulala. Siku moja kabla nilimnyoa, nikiwa nimeegemea kiti, mguu mmoja juu. Kichwa chake nilikinyoa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kunyoa. Viatu vyangu akavaa na soksi mbili mbili, juu yeye ni quarante et un, arobaini na moja. Kama vilimponza pale mteremko uliposhuka, sijui. Walisema ulishuka ghafla, kwamba viatu vyovyote ni sawa. Nasema tu kwamba vilikuwa vikubwa.

Alinipigia simu mara moja, kutoka Syabrubesi. Simu ilikuwa inakatika. Hakuniambia habari ya milima wala ya baridi. Aliuliza, “Mguu unaendeleaje?” Nikamwambia bado unauma. Akasema nisiukanyage. Ndiyo maneno ya mwisho.

Na hapa kuna jambo ambalo hata wewe ukinipa mkono sijui nitalifanyia nini. Simu ya msiba ilipokuja nilikuwa nimesimama dirishani kwa miguu yote miwili. Watu wakajaa nyumbani, wakapanga viti mpaka kwenye korido. Na mimi nilitoka chumbani nachechemea. Sikukusudia. Nilisahau kuacha. Mamans wakainuka wakanipa kiti, wakasema maskini, na mguu mbovu juu yake. Nikakaa kwenye kiti hicho kilio chote, siku tisa. Sikulia. Walisema ni mshtuko. Nilichechemea mpaka Desemba, yaya, kisha nikapona kidogo kidogo, ili isionekane.

Ndilo hilo. Nimeandika yote na mchana huu hakuna kitu kinachoniuma, hata kidole. Nilifikiri nikiandika itauma.

Harun alisema kama nitakwama, yeye atakwenda mahali pangu, njia za namna ile ni kazi yake. Nilimkatalia. Sitachagua tena mtu wa kwenda mahali pangu. Utachagua wewe. Ukininyima mkono, nitumie jina la unayemtaka, nami nitamfundisha kila kitu: basi linaondoka wapi, mawe yako upande gani wa njia, maji asinywe ya mto. Njia naijua kwa moyo, na bado naiogopa, hilo ulijue. Kama utanipa mkono, nitakwenda huku naogopa, na sitamwambia mtu kwamba siogopi.

Maman umsomee au usimsomee, hilo naliacha kwako. Tiketi inaweza kubadilishwa mpaka tarehe 18. Piga simu tonton akiwa karibu, useme ndiyo au hapana, usieleze sana, pesa za simu ni za harusi.

Msalimie maman, umshike miguu kwa ajili yangu. Msalimie Dominic na paji lake. Wasalimie wanaonikumbuka, na asiyenikumbuka mwambie habari zangu ni nzuri kuliko zake. Tonton anawaombea, Larissa anakusalimia bila kukujua.

Na ukipiga simu, yaya, uniulize kitu kingine chochote. Mguu usiniulize.

Ni mimi mdogo wako,
Doudou