Ngazi Zisizotaka Kuchubuka

Jumamosi, Juni 1996

Eti ngazi za kihistoria! Bibi ninayemtunza yuko kwenye kiti cha magurudumu, bustani yake mwenyewe anaiona dirishani tu. Leo nimemwomba mwanawe tutandike mbao juu ya zile ngazi za mawe, nimteremshe mamake akaote jua. Akaniambia, "Zuhura, mawe yatachubuka. Huu ni urithi wa familia."

Urithi! Kwetu Lamu kuna mawe ya kale kuliko Minnesota hii nzima ya Marekani, na wazee wanayakalia barazani kila jioni. Lijitu zima linapangusa mawe, mama limemsahau.

Bibi alisikia yote. Akaninong'oneza, "Mawe yale niliyachagua mimi, ili nikae pale na mume wangu."

Jumatatu naja na mbao zangu. Akinifukuza, na anifukuze. Mawe nayo na yachubuke.