Chachu ya Mama

Kaka Moha,

Salamu zikufikie huko Lyon. Hapa mvua imetukumbuka, na mbuzi wako kazaa mapacha.

Mama tulimzika Jumatatu, ana miaka tisini na moja, wajukuu wakigombea kulibeba jeneza. Unajua nyumba yenye msiba haiwashi jiko siku tatu. Majirani wakatulisha, sisi tukalia. Siku ya nne nikakumbuka chungu cha chachu, ile aliyokuja nayo akiwa bibi harusi, akailisha unga kila alfajiri maisha yake yote. Rafuni hakipo! Nililia kuliko siku ya maziko.

Mara akaingia Rabha, yule jirani aliyenuniana na Mama miaka ishirini kwa ajili ya kuku. Kakipakata chungu.

"Mmekalia kulia tu, mtoto wake wa kwanza mnamwacha afe njaa!" akafoka. "Nimeilisha mimi. Ningeiacha ife, ajuza yule angetoka kaburini kuja kunisuta."

Tukakanda unga wa mikate arobaini. Ulipoumuka hadi kufurika, Rabha akapiga kigelegele, nasi tukaitikia, humo humo msibani.

Yale mliyogombana wewe na Mama, yeye hakuyataja tena. Ila kila Ijumaa alitenga mkate mmoja, hataki uguswe mpaka jua lizame.

Ndani ya bahasha kuna vipande vya chachu yake, nimevikausha. Viloweke kwa maji vuguvugu, uvilishe unga. Usiniandikie pole, Moha. Niandikie kwamba imeumuka.

Dada yako mwenye unga mpaka kwenye nyusi,
Hadda