Taa Yangu ya Musikitini

Jumatatu, 18 Machi 1957
Asubuhi nilitengeneza pasi mbili na redio moja. Redio ilikuwa na mende ndani. Chai bila sukari, muke wangu Mama Asha alisahau kununua.

Alasiri, musikitini, shehe anatangaza: mbele ya Ramadhani ile taa ya zamani itashuka, taa ine za neon zitapanda kwa plafon, kule juu kwa dari. Fundi ni Zuberi. Mutoto wa juzi, ametoka Bukavu na karatasi yake ya shule. Ile taa niliitundika mi, mwaka wa 48, bure, kwa ajili ya Mungu. Hakuna mutu alinitazama hata.

Niko na wivu. Bon, nimeandika.

Jumanne, 19 Machi
Wanawake wa Mbugangari, mutaa wetu, wamepanga zamu ya kumulisha fundi. Leo zamu ya muke wangu. Viazi ya Bugeshi, maharagwe, na ile nyama nilidhani ni yangu. Nilikula utandu wa sufuria. Mama Asha anasema Zuberi iko na adabu, ananawa mikono mbele ya kushika sahani. Na mi ninanawa nini, miguu?

Jumatano, 20 Machi
Sikulala muzuri. Ile taa iko na kosa, na kosa ni yangu. Mwaka wa 48 Idi ilikuwa kesho yake, nilifanya haraka, nikafunga butoni ya ukuta kwa waya ambayo si yake. Ukizima butoni, taa inalala, lakini waya ya plafon iko macho. Niliijua siku nilibadilisha ampuli iliyoungua na umeme ukanitupa chini. Niliona haya kusema. Tangu pale sikuacha mutu mwingine ashike ile taa. Miaka yote watu wanasema, tazameni mapenzi yake kwa nyumba ya Mungu. Kila Ijumaa shehe ananiombea dua. Donc, ni kusema, dua zote zile nilizipata kwa kuficha.

Njia ya usalama ni moja. Sanduku ya umeme ya musikiti iko kwa duka ya Hasani, muuza vitenge. Unaenda kwake, unakata yote. Mafundi wa hapa tunaona uvivu. Tunazima butoni tu, tunapanda.

Alhamisi, 21 Machi
Zuberi alikuja dukani kwangu. Alinisalimia kwa mikono miwili. Akauliza: "Muzee, Jumamosi ninapanda. Iko kitu ninapaswa kujua juu ya ile taa?"

Nilisema hakuna.

Akasema aksanti, akaenda. Nikajiambia karatasi ya Bukavu itamulinda. Mi mutu mubaya.

Ijumaa, 22 Machi
Dua ilisomwa kwa Zuberi na kazi yake ya kesho. Jina langu, kimya.

Jumamosi, 23 Machi
Nilimuona akipita na ngazi begani. Nikahesabu misumari kwa boksi. Nikarudia kuhesabu. Kisha nikatupa boksi, nikakimbia na ndala moja, watu wa soko wanacheka. Nilipofika alikuwa juu kabisa, ameikumbatia taa yangu kifuani. Nikapiga kelele: shuka, ile waya iko na moto!

"Najua, Muzee," alisema pole pole. "Niliipima jana. Leo nimekata umeme kwa Hasani. Waya nitazigeuza. Siambii mutu."

Kisha akaomba nimushikie ngazi. Nikashika. Sikuweza kumutazama uso. Nilitazama visigino vyake, visafi, mpaka neon ya ine ikapanda.

Ijumaa, 29 Machi
Neon zinawaka mchana kweupe, watu hawataki kuzizima. Taa ya zamani Zuberi aliileta kwangu, ameifuta vumbi. Nimeiweka chini ya kitanda.

Leo shehe alitaka kumuombea dua. Zuberi akainua mukono: muanze na Muzee, yeye ndiye alileta taa humu. Shehe akataja jina langu. Musikiti muzima wakasema amina. Mi sikusema. Huyu mutoto amenishinda kazi, sasa amenishinda na roho, na wivu ungali kifuani.

Mvua ilianza wakati wa kutoka. Buti za Zuberi zilikuwa inje ya mulango, zinalowa. Nilizisogeza ndani, karibu na ndala zangu.