Maboksi Yana Kiyoyozi, Mimi Nina Feni

Mpendwa dada mkubwa, Manang Saling, naomba msaada wako, na ukiichapa barua hii gazetini tafadhali usiweke jina langu, majina ya wengine nimeshayabadilisha, kwa sababu hapa mtaani Molo, kisiwani kwetu, tunajuana wote na mimi nina miaka sitini na tatu, si umri wa kuchekwa kanisani kwa ajili ya vitu vya kuchezea.

Nilikuwa fundi wa injini melini kwa miaka ishirini na nane, miezi kumi baharini, miwili nyumbani, kisha wakala wa ajira za meli anapiga simu kutoka Manila na unafunga begi lako. Karibu kila safari, mara moja au mbili, nilishuka bandarini nikamnunulia binti yangu wa pekee, Jonalyn, boksi la vitofali vya plastiki, vile vya kupachikana unajenga ngome au treni, nikalituma nyumbani kwa mke wangu, marehemu Editha, kwa agizo moja tu, lisifunguliwe mpaka nirudi tujenge pamoja, na Editha akawa anayapanga juu ya kabati na mtoto akiuliza anajibiwa, "Subiri Papa arudi." Na nilikuwa narudi, Manang, si kwamba sikurudi, ila unarudi unakuta paa linavuja, kuna ubatizo, kuna ndugu wamekuja na shida zao na wanataka kulala palepale, kuna usingizi wa mtu aliyelala juu ya injini miezi kumi, na tukisema Jumamosi hii tunafungua moja, Ijumaa wakala anapiga simu.

Sasa nimestaafu, Editha amefariki huu mwaka wa nne, Jonalyn ana miaka thelathini na mmoja, ni muuguzi Winnipeg huko kwenye theluji na ameolewa na Renante, kijana wa Bacolod, kisiwa cha ng'ambo yetu, na mimi nimebaki na maboksi arobaini na moja yenye selotepu ya kiwandani, katika chumba kilichokuwa chake.

Usinicheke, lakini maboksi hayo ndiyo yaliyonipatia watu. Kuna chama chetu cha wakusanyaji wa vitu vya kuchezea, tunakutana Jumapili baada ya misa, juu kule madukani karibu na wauza batchoy, ile supu ya tambi, na siku niliyowaonyesha picha za kabati langu waliinuka wote vitini, maana kwao boksi la zamani ambalo halijafunguliwa ni kitu cha kuvulia kofia. Tangu siku hiyo wananiita Kepteni, ingawa maisha yangu yote nilikuwa chini na grisi. Wakija kwangu wanavua viatu, wananawa mikono, na Nonoy, daktari wa meno, mwenyekiti wetu, husema, "Kepteni, humu ndani hata kupumua kunahitaji kibali." Nimeweka kiyoyozi chumbani humo ili unyevu usilainishe makaratasi, mapazia hayafunguliwi ili jua lisifubaze rangi, na mimi nalala sebuleni na feni. Wanakaa saa moja, wanatazama, wanasifu, halafu wanarudi kwa wake zao kula, na mimi napasha moto wali wa jana nakula nimesimama.

Basi wiki tatu zilizopita Jonalyn akapiga simu. Akasema, "Papa, mwaka huu nakuja. Tarehe kumi na saba Desemba, wiki tatu nzima." Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Akasema, "Ila nina ombi. Ile meli nyekundu bado ipo?"

Meli nyekundu niliinunua Rotterdam alipokuwa na miaka tisa, ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayowafanya wanachama wavue kofia. Nikamwambia, "Ipo, Inday, binti yangu, haina hata mkunjo."

"Basi Krismasi tuifungue, mimi na wewe."

Na mimi, Manang, sijui mdomo wangu ulikuwa wa nani siku hiyo, nikamjibu kama ninavyomjibu mtu wa chamani, "Aa, hiyo haifunguliwi, mama. Haitengenezwi tena, ukikata selotepu imekwisha. Nitakununulia nyingine mpya hapa dukani, tutajenga hiyo."

Halafu akasema, kwa upole, na upole huo ndio ulioniua, "Sawa, Papa. Basi mimi na Renante tutafikia Bacolod, kwa wakwe. Tukipata nafasi tutavuka kukusalimu." Hajapiga tena, na mimi sijapiga.

Sasa ndipo jambo lenyewe linalonifanya niandike. Kesho yake niliingia chumbani nikaitoa ile meli niitazame vizuri, nadhani nilitaka kujihakikishia kuwa nilikuwa na haki. Nikaigeuza. Selotepu ya upande wa chini si ya kiwandani. Ni ile pana ya duka la vitabu, ambayo Editha alikuwa akibandikia majalada ya nailoni ya madaftari ya Jonalyn kila Juni shule zikifunguliwa, na imekatwa kwa mkasi, pembe zake zimenyooka, mkono wa Editha kabisa, naujua. Nikatikisa boksi. Sisi wakusanyaji tunajua sauti, boksi zima ndani yake vitofali vimo katika mifuko, linanong'ona tu, lakini hili lilichakarika kama mahindi makavu ndani ya debe. Lilishafunguliwa, Manang, miaka na miaka iliyopita, na mke wangu alijua, na hakuna aliyeniambia. Nililia hapohapo sakafuni na hata sijui nililia kwa hasira au kwa nini.

Sijalifungua kuona. Na Nonoy ananiletea mgeni kutoka Manila Jumapili ya kwanza ya Desemba aje aione meli, nami nimeirudisha kabatini upande mzuri ukitazama mbele. Nonoy nilimgusia tu kwamba binti anataka kufungua boksi, akasema, "Usithubutu, Kepteni. Subiri wajukuu." Je, nimuulize Jonalyn kwa nini walinificha? Niwaambie wenzangu, na wakiacha kuja nitabaki na nani? Au ninyamaze mambo yapite?

Fundi wa Injini, Molo

Manang Saling anajibu:

Kaka yangu fundi, pole. Pole kwa Editha, na pole kwa wali wa jana, maana hiyo sentensi yako moja ya kula umesimama niliisoma mara mbili. Sasa kaa chini, kwa sababu pole yangu imeishia hapo.

Unauliza kwa nini walikuficha. Hebu fikiri. Mtoto wa miaka tisa anaambiwa asubiri, anasubiri, mwishowe anashindwa. Mama yake anamhurumia, wanafungua upande wa chini usioonekana. Mtoto anajenga meli, meli, kaka, si ngome wala treni, halafu anaibomoa kitofali kwa kitofali, anairudisha yote ndani, na mama anafunga kwa selotepu iliyonyooka kuliko ya kiwanda. Kama wangetaka kukuibia mchezo wangeiacha mezani. Walificha ili ukirudi ukute bado kuna kitu kinakungoja. Wewe unaona udanganyifu, mimi naona wanawake wawili waliokutunzia heshima yako kwa miaka ishirini na miwili, na mmoja amekufa nayo.

Na Jonalyn alijua. Alipokuomba meli hiyo, kati ya maboksi arobaini na moja, alijua kilichomo. Alikuwa anakuja kukuambia. Wewe ukamjibu kama karani wa ghala.

Huyo daktari wako wa meno anasema usubiri wajukuu. Mwambie kwa salamu zangu kwamba majuto ni mjukuu, na huyo ndiye mjukuu pekee aliyekwisha kufika nyumbani kwako. Vitofali vile hukumnunulia mjukuu. Ulimnunulia mtu ambaye bado yupo hai na ana tiketi ya ndege.

Jumapili hii, kabla mgeni wa Manila hajafunga safari, peleka boksi chamani, ligeuze, waonyeshe upande wa chini. Watakaoondoka walikuwa wanakuja kwa kabati. Nadhani wengine watabaki, maana nao ni watu wa kucheza, wamejisahau tu. Na hao watakaobaki wakija kwako usiwaonyeshe chumba, wapikie. Kiyoyozi kihamishe hadi unapolala. Umezihudumia karatasi vya kutosha.

Jonalyn mpigie leo, usingoje tarehe. Habari za selotepu usimuulize, hilo ni lake, atakueleza mwenyewe mikono yake ikiwa na kazi ya kujenga. Muombe radhi kwa maneno machache, halafu usimwambie avuke yeye. Vuka wewe. Mtu aliyezunguka bahari zote za dunia kuwatafutia watu riziki hawezi kushindwa na saa moja na nusu ya boti kwenda Bacolod.

Kwa hiyo tarehe kumi na nane asubuhi panda boti, boksi ulipakate. Usilifunge kwa nailoni, usiliwekee mto, likipata mkunjo na lipate. Wakwe zake wasalimie kwa adabu, kubali wakikupa kiti na kahawa. Na akitokea mlangoni, kaka, usitoe hotuba, usieleze habari za bandari wala wakala. Mpe boksi upande wa chini ukiwa juu, umwambie maneno aliyoambiwa ayasubiri tangu utoto: Papa amerudi.