Kwa Nini Severin Amebaki Chantaburi

Toronto, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani, Mama? Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko mlimani? Mimi ni mzima wa mwili. Mwanangu Brayan naye ni mzima, anakua, viatu vya mwaka jana vimeshamkataa. Ya moyoni Mungu anayajua, na leo nataka uyajue na wewe.

Winfrida mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea. Soma polepole, na ukifika penye ugumu usiruke. Usimfiche Mama hata mstari mmoja.

Mama, siku ile nilipokwambia kwenye simu kwamba Severin tumeshamzika kule kule Thailand, uliniuliza neno moja tu: "Kwa ruhusa ya nani?" Halafu ukampa Winfrida simu. Tangu hapo hujataka kuongea na mimi. Winfrida anasema watu wa msiba wameshaondoka wote, lakini wewe bado unalala chini pale sebuleni, na umesema huanui matanga mpaka mwanao aletwe umwone. Hata huku, wenzangu wa kwaya ya Kiswahili walipokuja kunipa pole, lifti ya ghorofa letu la St. James Town mbovu, wanapanda ngazi na masufuria ya pilau, kila aliyeketi aliuliza hilo hilo: "Mwili unasafiri lini?" Mimi naangalia zulia.

Sasa nakueleza.

Unajua alivyoondoka na mawe ya kwetu Mahenge, akasema anauza na kurudi, akabaki. Chantaburi, huko Thailand, ni mji wa zamani wa wauza vito. Kila Ijumaa mpaka Jumapili wanunuzi wanakaa kwenye meza, madalali wanawamwagia vijiwe juu ya karatasi nyeupe, wanabishana mpaka jioni. Severin alikuwa dalali hapo. Alikuwa anaishi kwenye nyumba ndogo ya wageni ya mama mmoja mjane, nyumba ya mbao ya tangu enzi za babu zao, ukingoni mwa mto. Wote wanamwita Pa, kama sisi tunavyosema mama mkubwa. Alipoona Severin anaisha, ndiye aliyemwambia binti yake, anayejua Kiingereza, anitafute mimi.

Nilifika mchana, jua linachoma, koo limekauka. Kule viatu unavua nje, na sakafu imesuguliwa inang'aa kama sahani. Karibu na mlango kuna kijumba kidogo juu ya nguzo, kimepambwa maua, na mbele yake chupa ya soda nyekundu imeshafunguliwa, mrija umo. Nikasema moyoni, hawa watu wakarimu jamani, wamewawekea wageni. Nikainywa yote. Binti wa Pa akashika mdomo. Kumbe ile soda ni ya mizimu ya nyumba! Wanaiwekea kila asubuhi. Mimi, Mama, na rozari yangu shingoni, nimekunywa soda ya mizimu.

Sauti ikatoka ndani, nyuma ya chandarua: "Dada Felista, umefika tu umeshaanza kuwadhulumu wenyeji?" Na kicheko. Kile kicheko ndicho kilichonionyesha kuwa ni yeye. Kama ningemwona kabla ya kumsikia, nisingemjua.

Hapa ndipo pagumu. Ilikuwa saratani ya taya. Ndiyo maana muda wote ule alikuwa anakupigia simu ya sauti tu, na ukimwambia akuonyeshe uso anasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, Mama. Uso ndio uliokuwa umeliwa. Sitaandika zaidi ya hapo, na nakuomba usiniulize. Hospitali walishamwambia hakuna cha kukata tena. Wakampa dawa za maumivu, akarudi chumbani kwake.

Nilikaa naye mle, godoro sakafuni, dirisha linatazama mtoni. Kazi yangu huku ni kuogesha wazee. Napanda basi mpaka Richmond Hill kwenda kumgeuza mzee wa watu kitandani, na wengi nimewashika mpaka dakika ya mwisho. Nikadhani mikono imeshazoea. Kumgeuza wa tumbo moja ni kitu kingine kabisa. Pa alikuwa anamletea uji wa mchele, mwepesi kama maji, anamlisha kwa kijiko cha mtoto, na kubishana hawaachi. Nikamwuliza Severin, Pa anasema nini.

"Anasema nikimaliza bakuli ataniozesha binti yake. Nimemwambia binti hana tatizo, ninayemwogopa ni mama mkwe."

Pa akamchapa kofi mguuni, akacheka, akatoka nje. Nilimwona barazani anajifuta macho kwa mkono wenye kijiko.

Kule, Mama, mtu akifia kwenye nyumba ya wageni, biashara imekufa naye. Watu wanaogopa mzimu, hawalali tena hapo. Shemeji yake Pa akaja akasimama uani, viatu hakuvua maana ndani hakutaka kuingia. "Mpeleke hospitali kabla soko halijafunguliwa," akasema. "Akifia hapa, wewe na mwanao mtakula nini?" Binti alinitafsiria huku anaona haya. Nikaanza kukunja nguo za Severin, sikutaka tuwe balaa la mtu. Pa akaninyang'anya begi, akalirudisha pale lilipokuwa. Akasema, "Hapa ndipo anapolala." Kisha akaenda kutundika kibao mlangoni kwamba nyumba imejaa, na wageni wengine hawakuwepo.

Ng'ambo ya daraja kuna kanisa kubwa la Kikatoliki. Nilimfuata padri, Severin akaungama, akapakwa mafuta, akapokea Ekaristi, kipande kidogo tu kilicholowekwa. Ulie kwa mengine, Mama, si kwa hilo. Padri alipoondoka, akaniambia, "Dada, usinirudishe nyumbani."

Nikamwambia asiseme hivyo. Tutachangishana, watu wa Toronto hawajawahi kumwacha mtu, utalala karibu na Baba.

"Sawa, nimefika. Halafu?"

Nikamrekebishia mto.

"Watafungua jeneza. Katekista atasema watu wapite watoe heshima za mwisho, na wa kwanza kupita ni Mama."

"Nitawakataza wasifungue."

"Utamkataza Mama? Wewe?"

Unakumbuka Baba alipopata ile ajali ya lori, wazee walikusihi usitazame, ukawapita wote ukafunua shuka mwenyewe. Severin alikuwa mdogo, amekushika kanga. Akaniambia tangu siku ile hajakusikia hata mara moja ukimtaja Baba akiwa mzima. "Kila akimtaja, anamtaja alivyomkuta chini ya shuka. Mimi sitaki Mama anitaje hivi."

Akaniapisha nikwambie tu kwamba usafiri umeshindikana. Nikaapa. Leo nimevunja kiapo, na nimekwenda kuungama kabla ya kushika kalamu, kwa sababu naona uongo huo utakulaza chini mwaka mzima.

Alifariki Ijumaa asubuhi, katikati ya rozari, sokoni watu wanapanga meza zao. Nilimwogesha mimi, nikamvalisha shati jeupe. Shemeji wa Pa akaja na fundi. Wanataka kung'oa mbao za ukuta wa nyuma, mwili upite huko, eti mzimu usijue njia ya kurudia. Damu ikanichemka: ndugu yangu anatolewa kama mwizi! Sikujua Kithai cha kuwafukuzia. Pa akaenda akasimama peku mbele ya ule ukuta, mwanamke mfupi hivi, akasema, "Atatoka mlangoni. Akirudi, atakuta chumba chake."

Mambo ya mizimu mimi siyaamini, unanijua. Lakini yule mama anayaamini, na anayaogopa, na alisema hivyo hivyo. Severin akatoka mlangoni. Tulimzika kwenye makaburi ya kanisa kwa misa kamili. Madalali wenzake wa Kiafrika wakafunga meza zao wakabeba jeneza, Mguinea mmoja Mwislamu akishika mbele kabisa. Nilimwachia Pa senti niliyokuwa nayo akakataa kuishika. Binti ananiambia mpaka leo hakuna mgeni aliyelala pale. Majirani wanavuka barabara wakimwona. Mkumbuke kwenye sala zako, hata kama si wa dini yetu.

Msalimie baba mdogo Kasian, mwambie hasira zake zimenifikia na namwomba asubiri asikie haya. Msalimie shangazi Bernadeta na miguu yake, na katekista, mwambie misa ya Severin isomwe hata bila jeneza. Brayan anakusalimu. Kiswahili anasikia, kujibu ndiyo anajibu Kiingereza, lakini "Bibi" analisema vizuri.

Mama, uliuliza kwa ruhusa ya nani. Kwa ruhusa yake mwenyewe. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, lakini matanga yaanue. Mwili umeonwa. Nimeuona mimi, na kati yetu anatosha mmoja. Ila nikifumba macho nimwone mdogo wangu wa zamani, haji. Anakuja yule wa kwenye godoro. Wewe bado unaye yule mwingine, mzima, hajaharibiwa. Siku ukiweza kunisemesha tena, usinipe pole. Nipigie unisimulie alivyokuwa.

Mwanao,
Felista